Familia ya Mfano

Rukia alianza kulia walipomkalisha juu ya meza. Vidole vilikuwa vimemvimba tangu walipotoka nyumbani Kondoa, macho yamekuwa ya njano. Mwantum, mama yake, alimshikilia mgongo huku akiwaogopa wanafunzi wa udaktari na uuguzi waliojaa darasani. Yeye na mumewe waliahidiwa kwamba wakija Dodoma kusaidia somo jipya la vinasaba, mtoto atapewa dawa bure. Asubuhi walitolewa damu pamoja na familia nyingine, chupa zote zikawekwa kwenye trei moja. Sasa mumewe, Halfani, alisimama kando ya meza akiwa amevaa shati lake la Idi.

"Hii ndiyo familia yetu ya mfano," alisema Dokta Gerson, mkufunzi aliyeandaa mtaala. "Mtoto ana selimundu, na selimundu hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Damu ya mama ina kinasaba chake. Ya baba haina. Tunapata jibu gani?"

Msichana wa mbele, Aneth, akanyoosha mkono.

"Kwamba huyu siye baba, Dokta."

"Vizuri sana."

Nyuma kuna waliocheka. Mwantum alidhani hakusikia sawasawa, mpaka alipouona uso wa Halfani.

"Mtoto wa nani?" Halfani alimuuliza kwa Kirangi.

"Wako. Wallahi, wako." Akamgeukia Gerson. "Daktari, sijawahi kuwa na mwanamume mwingine. Nakuomba, hiyo damu ichukueni tena."

Aneth hakutabasamu tena. "Dokta, labda sampuli zilichanganyika? Na hivi, si tungewaambia kwanza faraghani?"

"Maswali mazuri. Makosa ya maabara na siri za mgonjwa viko moduli ya sita. Wafadhili walitaka tuanze na vinasaba. Hayo ni muhula ujao."

Halfani alikuwa ameshafika mlangoni. Mwantum akamnyanyua mtoto amfuate.

"Mama, hatujamaliza," alisema Gerson. "Dawa zinatolewa mwisho wa kipindi."

Mlango ukajifunga. Mwantum alisimama kidogo, kisha akamlaza mwanawe chali, akampandisha gauni. Wanafunzi wakajipanga kumpapasa bandama tumboni, wakisugua viganja vipate joto, wasimshtue mtoto.

"Mmoja mmoja," alisema Gerson. "Mama, mshike mikono asiirushe."

Mwantum akamshika.