Mayowe ya Mchawi wa Matambara

Kila Sankt Hans, mkesha wa katikati ya kiangazi, tamasha la mtaa wetu huishia ufukweni kwa moto mkubwa. Darasa la binti yangu Signe lilishona mchawi wa matambara, tukamweka juu ya lundo la kuni. Watoto wakaenda kucheza kombolela, kila mmoja akitafuta pa kujificha, bendi ikapiga, moto ukawashwa.

Mchawi akapiga mayowe. Nikashangilia na wenzangu, mpumbavu mimi, maana huwa tunamtia fataki tumboni ili alie akiungua.

Mwalimu Ditlev akanishika mkono, uso umemsawijika. "Mama Signe, mwaka huu hatukuweka fataki. Zililowa."

Mayowe yakaja tena, kutoka chini ya kuni.

"Zimeni muziki! Signe! Signe!"

Watu wakadhani naigiza. Wakanipigia makofi.