Jina la Alphonse kwenye Tableti

Kila asubuhi saa moja na nusu, marehemu Alphonse alifika kazini. Hakuonekana mlangoni wala kitini. Alionekana kwenye tableti. Mkewe Clémence alipofungua orodha ya vyombo vilivyojiunga na waifai ya kliniki, alivikuta vitatu: mashine ya eksirei, tableti yenyewe, na simu iliyoandikwa Alphonse. Saa kumi na moja jioni jina lile liliondoka, saa ileile aliyokuwa akiondoka mwenyewe alipokuwa hai.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu gari lake lipinduke katika njia ya Irumu. Wote wawili walikuwa madaktari wa meno, na kliniki yao ndogo katika mtaa wa Saio waliijenga kwa jasho lao. Papa Michel, sentinele aliyelinda lango lake, ndiye aliyekwenda kuufuata mwili. Alirudi akilia, amebeba viatu, mkoba na miwani. Simu haikupatikana, na siku ile nani angekuwa na moyo wa kuuliza habari za simu? Tangu mazishi, mzee huyo alimsindikiza Clémence nyumbani kila jioni na kumwita mutoto yangu.

Mashine yao ilikuwa na kibanzi cheusi kidogo, kama kipande cha sabuni kilichokwisha. Mgonjwa anakiuma, na picha ya jino inapita hewani hadi kwenye tableti, na kwenye simu yoyote yenye programu ile na inayolijua neno la siri. Neno lenyewe lilikuwa tarehe ya ndoa yao, na halijabadilishwa tangu mashine ifike. Simu ya Alphonse nayo haikuwahi kufungwa kwa namba. Aliona uvivu, Mungu amrehemu. Chini ya kila picha, programu iliandika nani ameitazama. Kwa hiyo chini ya meno ya watu ambao Alphonse hakuwahi kukutana nao duniani, paliandikwa: Imeonwa na Alphonse.

Msidhani Clémence alikuwa mjinga. Alijua simu haijibebi yenyewe. Lakini mjane ana ukaidi wake, na usiombe uujue. Alianza kumwandikia mumewe chini ya picha ngumu: mzizi huu ungeung'oa, ama ungeuacha? Anangoja dakika mbili, tatu, maneno yale yanatokea, naye anapata nguvu ya kushika koleo. Jibu halikuja kamwe, lakini Alphonse hakuwa mtu wa maneno mengi hata alipokuwa hai.

Ndipo Rebecca, fundi wa mashine, akafika kutoka Aru kuikagua eksirei. Aliitazama orodha, akakunja uso.

"Mama Docteur, hii simu ya tatu ni ya nani?"

"Ya bwana yangu."

Rebecca alikuwepo mazishini. Akasema kwa sauti ya chini, "Unisamehe, mama. Mufu hashike simu. Kuna mutu iko nayo, na iko karibu, hapa ku kiwanja ya kliniki, juu hii waifai haivuke kibambazi ya parcelle. Anaona wagonjwa yako yote: majina, siku ya kurudia, yote. Tubadirishe neno ya siri leo."

"Hapana."

"Mama..."

"Nimesema hapana! Weye ukibadirisha, yeye ataingia namna gani?"

Rebecca alifungasha vifaa vyake bila kubishana. "Siku utakuwa tayari, uniite ku téléphone. Ni dakika tano tu."

Wiki iliyofuata alikuja Donatien, mchimbaji wa dhahabu. Akiba yake yote aliiweka mdomoni, magego matatu yaliyovikwa dhahabu, huko nyuma ambako hata akicheka hayaonekani. Clémence alipiga picha, akaandika chini yake kama alivyozoea: Donatien, dhahabu tatu, juu kushoto, nyuma. Atarudi Alhamisi asubuhi.

Alhamisi Donatien alirudi kweli, shati limelowa damu.

"Balikuwa batatu, pale ku mikaratusi," alisema kwa taabu. "Habakuniomba feza. Balinifungua kinywa, bakaenda sawasawa kushoto, ku juu, nyuma, bakang'oa yote. Mama, hata bibi yangu hajue dhahabu iko upande gani!"

Clémence alimshona fizi. Halafu akaifungua ile picha. Imeonwa na Alphonse. Maneno hayo ndiyo yaliyomfariji miezi minane. Aliona aibu, aibu ya kweli, kwa sababu mtu huyu alikuwa amemwaminia kinywa chake, naye akakiacha wazi ili apate kuliona jina la mumewe.

Saa kumi jioni alibaki peke yake, akampigia Rebecca simu. Rebecca alimweleza hatua kwa hatua mahali pa kubonyeza, kisha wakaagana. Ilibaki kuandika neno jipya tu. Clémence hakuliandika. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akakiuma kile kibanzi, akapiga picha ya gego lake mwenyewe. Lilikuwa likimuuma wiki mbili, na hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata binti yake aliyekaa naye nyumbani. Chini ya picha akaandika: Clémence. Gego la chini, kulia, linauma sana. Kwaheri.

Alingoja. Haikupita dakika moja. Imeonwa na Alphonse.

Alilia kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia siku ya mazishi. Halafu akaliandika neno jipya, akabonyeza, na jina la mumewe likafutika mbele ya macho yake. Jioni ile Papa Michel alimsindikiza nyumbani kama kawaida, wala Clémence hakumtajia habari ya jino.

Asubuhi, saa moja na nusu, mzee alikuwa langoni amesimama. Alivua kofia, akamnyooshea kifungu cha majani mabichi, yameoshwa vizuri.

"Mutoto yangu, nimekuletea majani ya mupera. Utafune polepole, upande wa kuume, chini. Jino itatulia."

Clémence aliyapokea kwa mikono miwili, jinsi alivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa. Akasema, "Aksanti, papa." Akaingia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa, akaifungua picha ya gego lake: Imeonwa na Alphonse. Kwenye tableti palikuwa na vyombo viwili tu. Nje wagonjwa wa kwanza walikuwa wameanza kufika, naye Papa Michel aliwakaribisha mmoja mmoja, akiwauliza kwa upole ni jino gani linalowasumbua.