Mama Mkwe Hajapanda

Haya, niambieni: mtu aliyenigombeza juzi kwa kukaanga dagaa wetu wa omena ovyo, leo anageukaje kuwa maiti? Lakini mume wangu Tom alimpeleka mama yake, Dorca, kwa daktari Kisumu, akamrudisha kwetu Seme akimshika kama yai. "Moyo wake umechoka," akatangaza, mama mwenyewe akisikia. "Asiguse jembe tena. Alale tu."

Basi mama mkwe akalala. Miaka themanini na ushee hakuwahi kujiita mgonjwa, sasa akageukia ukuta. Hata uji akaukataa. Akaniomba nguo yake ya kanisani, aone kama itafaa kuzikiwa. Nililia jikoni kwa hasira.

Na mvua ikaanza. Kila boma lilipanda isipokuwa letu, maana mama wa boma ndiye hutangulia kutia mbegu, ndipo sisi wake wa wanawe tufuate. Tom akaniambia nipande tu.

"Nipande? Thubutu! Nikitangulia mimi, nimemzika akiwa hai. Atayasikia majembe yetu, ajue boma halimhitaji tena."

"Na akianguka shambani, Seline?"

"Nitaitwa mwuaji, najua. Lakini humo ndani anakufa, Baba Lornah!"

Nikaingia kwake, nikaegemeza jembe lake kitandani. "Mama, mvua imefika. Utatuachia njaa?"

Nikaogopa kwamba nimemmaliza. Kisha akageuka polepole. "Nani ameacha jembe langu lishike kutu?"

Alitoka na fimbo, Tom nyuma yake, tayari kumdaka. Shimo la kwanza alilichimba akihema. La pili likamshinda, akaangukia magoti.

"Mama! Moyo!" Tom akapiga kelele. Mimi nikamkimbilia. Mungu wangu, nimemuua.

"Nyamaza wewe!" Alikuwa akifukia mbegu kwa vidole. "Daktari wako ameusikiliza mara moja. Mimi ndiye ninayekaa nao."

Akaketi palepale kwenye tope, akanikodolea macho. "Na wewe unashangaa nini? Panda! Ama kwanza, omena iko?"

Ala! Nilikimbia jikoni machozi yakinitoka. Nikaikaanga ovyo, makusudi kabisa, nikampelekea shambani.

Akaila yote, huku akinigombeza.