Wati Mia Tisa

Nyumba yetu ina mita moja na wakazi wawili wasiosemezana. Mita ni ya wati mia tisa, bado imeandikwa jina la marehemu baba, na iko upande wangu, karibu na mlango wa mbele. Wakazi ni mimi, Sulasmi, na mdogo wangu Ningsih. Katikati kuna ukuta wa plaiwudi tulioupigilia misumari siku arobaini baada ya mazishi, kila mtu akabaki na jiko lake na bafu lake. Umeme tu ndio haukugawanyika. Kugawa umeme kunahitaji maombi, na maombi yanahitaji watu wawili wakae meza moja.

Mtu wa wati mia tisa hahitaji kuhubiriwa habari za kubana matumizi. Ukiwasha pasi, pampu ya maji na sufuria ya umeme ya wali kwa wakati mmoja, swichi ya mita inajishusha yenyewe, nyumba nzima inazimika, na lazima mtu atoke nje akaipandishe. Kwa hiyo mimi na Ning tunagongeana ukuta. Mara moja ni pasi, mara mbili ni pampu, mara tatu ni wali. Ukinyamaziwa, umeruhusiwa. Ukijibiwa kwa kugongewa, subiri. Hayo ndiyo mazungumzo yetu kwa miaka minne, na nawajua ndugu wanaoongea kutwa kucha ambao hawaelewani hivyo.

Mtaani kwetu, hapa mjini Klaten, wananiita Bu Hemat, yaani Mama Bana Matumizi. Walianza kwa utani. Siku hizi kila kikao cha akina mama mwenyekiti wetu, Bu Harsini, ananisimamisha mbele nifundishe, na mimi nasimama, maana kama jambo linajulikana na watu bado wanalikosea, linaniudhi. Wali ukiiva, uhamishie kwenye kikapu cha mianzi, uufunike kwa kitambaa kizito, utakuta jioni bado una uvuguvugu. Kuuacha kwenye umeme kutwa nzima ni kupika wali mmoja mara nane. Choroko za uji usizichemshe saa nzima kama mwenye kuchoma chokaa: dakika tano, zima, funika, usifunue hata kwa kuchungulia, acha dakika thelathini, kisha washa dakika saba. Nguo piga pasi mara moja kwa wiki, nzito kwanza, na leso za mwisho uzipige pasi ikiwa imeshachomolewa. Friji yenye nafasi tupu ijazwe chupa za maji. Chumba chenye giza mchana kiwekewe kigae kimoja cha kioo paani, si taa. Maji ya kuoshea mchele yana kazi kwenye miche ya pilipili.

Bu Tukinem, anayeuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, nyumba ya tano kutoka kwetu, huwa hakosi neno.

"Bu Hemat, na mume je? Naye nimchomoe akishapoa?"

"Wako hajawahi kupata moto," humjibu, na wote wanacheka, Ning naye akicheka huko nyuma anakokaa siku zote, karibu na mlango.

Halafu huwa nawaeleza nilianzaje. Hapo ndipo kwenye ubaya wangu, na afadhali niuseme sasa hivi.

Baba alikuwa na mapafu mabovu kwa kazi ya miaka mingi kwenye tanuri za chokaa. Mwaka wake wa mwisho alipumulia mashine ya oksijeni tuliyoazimwa, ikiunguruma kando ya kitanda mchana na usiku. Niliweka sheria: mashine ikiwa imewashwa, pasi marufuku. Alhamisi moja alasiri Ning alivunja sheria hiyo. Alikuwa na gauni la mteja la kupeleka saa kumi, akalipiga pasi chumba cha nyuma. Nilijua, maana nilisikia harufu ya kitambaa cha moto. Mita iliweza kubeba pasi na mashine, kwa shida, lakini iliweza. Nikasema moyoni, nitamsema baadaye. Kisha nikaona ndoo ya kumwogeshea baba haina maji, nikaenda kisimani nikawasha pampu.

Swichi ikaanguka. Nilizima pampu, nikakimbia mbele, nikaipandisha. Haikufika dakika mbili. Mashine ikawaka tena, na baba akafa baada ya saa moja na nusu. Muuguzi alisema kwamba kwa hali aliyokuwa nayo asingeifikia Jumapili hata kama umeme usingekatika kamwe. Siku nyingine namwamini.

Majirani walipokuja, mmoja akauliza ilikuwaje. Nikasema, "Umeme ulikatika. Ning alikuwa anapiga pasi." Hakuna neno la uongo hapo. Ning alikuwa amebeba trei ya glasi za chai. Alisimama akanitazama, akingoja nimalizie. Sikumalizia. Akaziweka glasi chini moja moja, akarudi jikoni.

Basi hiyo pasi ndiyo ikawa mwanzo wa somo langu. Kila kikao nasema: "Pasi moja tu, akina mama. Pasi moja iliyowashwa wakati usiofaa, na baba yangu akakosa pumzi." Wanainamisha vichwa. Nimelisema hilo mara nyingi, Ning akiwa pale pale, na nilikuwa nimeanza kuliamini kwa sehemu kubwa. Nilichokuwa nakipenda kwenye kubana matumizi, kama nikisema kweli, ni kwamba swichi haikuanguka tena. Miaka minne haijaanguka hata mara moja.

Mwezi uliopita Bu Harsini alikuja kwangu na fomu. Ning anataka mita yake mwenyewe. Oda za kushona zimeongezeka, ana cherehani mbili za umeme na meza ya kupigia pasi, na wati mia tisa za kugawana hazimtoshi. Mimi ndiye mkubwa, nyumba haijabadilishwa jina, kwa hiyo bila sahihi yangu hapati.

"Weka tu, Mbak Lasmi," Bu Harsini alisema; mbak kwetu ni dada. "Mdogo wako huyo."

"Umeme mwingi wa nini? Akipewa wati elfu moja na mia tatu atawasha hata kivuli chake. Huo ni ufujaji."

"Ufujaji au kiburi?"

"Vyote viwili. Mwambie hapana."

Sababu haikuwa ufujaji. Nilikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki duniani, na kilichotuunganisha kilikuwa waya. Akiwa na mita yake hatakuwa na haja ya kunigongea ukuta, na mimi sitakuwa na haja ya kumjibu. Tungekuwa majirani tu. Na lile nililopaswa kumwambia kwenye matanga ya baba lingebaki kifuani mpaka na mimi nibebwe. Nilijua nikimwambia ataondoka kwa hasira, nisipomwambia ataondoka kimya. Kwa hiyo niliikalia fomu.

Jumapili iliyofuata tukawa na wageni, akina mama saba kutoka mtaa wa ng'ambo ya mto, waliokuja kujifunza kwetu. Bu Harsini alitandika mikeka sebuleni kwake, kukawa na chai, ndizi za kukaanga na tempe ya Bu Tukinem iliyofungwa kwa majani, maana siku hiyo plastiki ilipigwa marufuku kwa ajili ya sifa. Nikasimama. Nikawapa wali wa kikapu, nikawapa choroko, nikawapa kigae cha kioo. Wageni wakaandika. Kisha nikafika kwenye pasi, nikaisema kama ninavyoisema siku zote, wakainamisha vichwa.

Mgeni mmoja, mwanamke kijana mwenye mimba changa, akainua mkono.

"Samahani, Bu. Huyo mdogo wako aliyepiga pasi, yuko wapi siku hizi?"

Hakuna aliyewahi kuuliza. Wa mtaani hawana haja ya kuuliza.

"Niko hapa," Ning akasema kutoka mlangoni. Alikuwa na sahani ya ndizi mkononi. "Mimi ndiye wa pasi."

Yule kijana aligeuka akamtazama. Hakuwa na nia mbaya, lakini macho yalimtoka, akajisogeza kidogo na kuweka mkono tumboni, na wageni wengine wakageuka nao, vichwa saba kwa pamoja. Ning akachukua ndizi akaila. Niliona anavyoila taratibu, nikaelewa kwamba amezoea. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata mbele ya maiti ya baba sikuiona.

"Si yeye," nikasema.

"Nini si yeye?" Bu Harsini akauliza.

"Pasi haikuangusha swichi. Mita ilikuwa inaibeba pasi. Mimi ndiye niliyewasha pampu. Nilijua pasi inawaka, na bado nikawasha pampu. Nimewasimulia nusu tu miaka yote hii."

Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele kwa miaka minne, hata majibu nilikuwa nayo. Lakini akina mama wa mtaa wangu walitazama mikeka, na Bu Harsini akaanza kupanga glasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Walioshangaa walikuwa wale wageni saba peke yao.

Bu Tukinem ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Mbak Lasmi, ile pampu yenu ikiwaka inapiga ukelele mpaka msikitini. Siku ile nilikuwa nafunga tempe. Nikaisikia inaanza, halafu ikakatika ghafla. Nikasema, maskini, Lasmi amejisahau."

"Ulisikia?"

"Nani hakusikia?"

Nikawatazama mmoja mmoja. Bu Harsini hakukana. Hata mkwe wa Bu Harsini, aliyeolewa huku baada ya baba kufa, alikuwa anajua, nilimwona usoni. Wote hao walikuwa wamekaa mbele yangu kikao baada ya kikao, wakainamisha vichwa kwa ajili ya pasi ambayo walijua haina kosa. Mimi nilidhani nawaficha, nao walikuwa wananisitiri.

"Kwa nini hamkusema?"

"Tuliombwa," Bu Harsini akajibu.

Hakusema na nani. Ning alikuwa ameweka sahani chini, anajifuta mafuta ya ndizi vidoleni.

"Ulikuwa huli," akasema. Alizungumza nami moja kwa moja, mbele za watu, kwa sauti ya kawaida, kama tulioagana jana. "Hulali. Ulikuwa unaamka unakwenda kuishika swichi kwa mkono, unakaa nje pale na shuka. Nilikuwa nakuona dirishani. Nikaona wewe hili huliwezi. Mimi niliweza, nikalibeba. Na pasi nilipiga kweli, Mbak. Sikuwa safi."

"Dik," nikasema, yaani mdogo wangu, maana ndivyo nilivyokuwa nikimwita zamani.

"Mwaka wa kwanza nilijua utasema. Wa pili nikangoja. Nikasema, huyu mkubwa wangu, atakuja mwenyewe. Unagonga mara mbili, nakunyamazia, unawasha hiyo hiyo pampu, na mimi nasikiliza upande wa pili." Akafuta kidole cha mwisho. "Nimechoka, Mbak. Si umeme. Umeme ningevumilia, hata kwa kushona usiku. Nimechoka kuwa pasi."

Yule mgeni kijana alikuwa analia waziwazi, jambo lililoniudhi, kwa sababu halikuwa lake, na kwa sababu mimi sikuweza. Nikamuuliza Ning kitu nilichoogopa kukiuliza.

"Sasa nimeshasema. Bado unataka mita yako?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa haki kabisa, kama anapopima kitambaa kabla ya kukata.

"Bado nataka," akasema.

Bu Harsini akatoa fomu kutoka chini ya kitambaa cha meza. Alikuwa amepewa nyingine na hakuniambia. Nilikaa kwenye mkeka, nikaiweka juu ya daftari la mahudhurio. Ning akaja akapiga magoti kando yangu, bega lake likagusa langu, ana harufu ya nyuzi mpya na mafuta ya cherehani. Nikatia sahihi. Akaitazama kwa makini, kisha akaweka kidole chini kidogo ya sahihi.

"Na hapa, Mbak," akasema. "Jina kamili."