Mwenye Mtihani Haambiwi Msiba

Mama mkwe wangu, Getruda, alikata roho alfajiri, na kabla hata hatujamfunga kidevu, baba mdogo Machibya alishatoa amri kwamba Precious asiambiwe. Precious ni kitinda mimba wa nyumba hii. Alikuwa Ujerumani akisoma shahada mbili za uzamili kwa mpigo, ya uhusiano wa kimataifa na ya sheria, na wiki hiyo ndiyo alikuwa anaanza mitihani.

"Mwenye mtihani haambiwi msiba," baba mdogo alisema. "Mimi baba yangu alizikwa nikiwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Niliambiwa baada ya karatasi ya mwisho. Nikafaulu! Wangeniambia mapema, leo ningekuwa nani?"

Alikuwa mratibu elimu kata mpaka alipostaafu, na kwake mtihani ni kitu kitakatifu. Mimi ni Kija, mke wa Shimba, kaka mkubwa wa Precious. Mkwe hana neno kwenye kikao cha ukoo. Nilichemsha maji ya kuoshea maiti, lakini nilikasirika na hasira hiyo haijanitoka mpaka leo.

Usidhani walikuwa watu wabaya. Walimpenda yule mtoto kupita kiasi. Precious alikuwa akisema kwamba ziwa letu ni bakuli moja linalolisha nchi tatu, na siku nchi hizo zikikaa kugombania bakuli, Tanzania itahitaji mtu anayejua siasa za mataifa na anayejua sheria pia. Ndiyo maana shahada mbili. Baba mdogo aliyakariri maneno hayo, akawa anawatambia watu kila Jumapili nje ya kanisa mpaka wakawa wanamkwepa.

Uongo wenyewe ulikuwa rahisi. Kansa ya koo ilikuwa imemla mama sauti miezi mingi kabla. Tangu hapo mama alinong'ona, na Modesta, binti yake mkubwa, aliyeacha kazi ya duka la dawa kule Nyamagana ili aje kumuuguza, aliandika maneno hayo kwenye simu ya mama na kumtumia Precious. Kwa hiyo mama alipokufa, simu iliendelea tu kuongea. Baba mdogo alitamka, Modesta akaandika: leo nimekunywa uji, leo nimeota jua kidogo. Precious akitaka kupiga simu ya video, mtandao wa kwetu Kamanga ukawa mbaya kila siku.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya shamba la mihogo. Baba mdogo alizunguka katikati ya waombolezaji huku amenyoosha kidole. "Hakuna status! Atakayepiga picha namtoa msibani!" Sijawahi kuona msiba uliofichwa kama bangi.

Kuna jambo baya zaidi, na hili nililisikia kwa masikio yangu. Siku chache kabla ya kufa, mama alimshika Modesta mkono akanong'ona, "Mwambie aje." Modesta aliandika. Baba mdogo alikuwa ameketi hapo hapo, akaichukua simu na kuyafuta kabla hayajatumwa. "Mgonjwa akizidiwa na maumivu husema mengi," alisema. "Amalize kwanza." Tangu siku hiyo mama aliuliza kila asubuhi kama mtoto amejibu, nao wakamjibu kwamba yuko njiani. Mama alikufa akiangalia mlango.

Mitihani ikaisha. Kikao kikaitwa, katekista akaja na Biblia yake, tukatandika mikeka. Simu ikapigwa, ikawekwa spika ili Precious aambiwe mbele ya wazee kama inavyotakiwa. Kumbe yeye alikuwa anaisubiri simu yetu. Hata salamu hazijaisha akapaza sauti, "Baba mdogo, nimemaliza! Za uhusiano wa kimataifa zote nimemaliza! Sasa bado za sheria tu, mwezi ujao."

Wazee wakatazamana. Shahada mbili, shahada mbili, kila Jumapili, na hakuna aliyefikiri kwamba shahada mbili zina mitihani mara mbili. Hata mimi sikufikiri. Katekista akaifunga Biblia taratibu.

"Hongera sana, mwanangu," baba mdogo akasema. "Mama anakusalimu."

Siku ya tatu baada ya simu hiyo ukaingia ujumbe kwenye simu ya mama. Modesta aliusoma kwa sauti, baba mdogo na mimi tukisikiliza. "Mama, nimechoka. Moyo haujatulia kabisa, nakuota kila usiku. Nikiuacha mtihani wa sheria nitapoteza ufadhili na shahada zote mbili, kwa sababu zinatolewa pamoja. Lakini ukiniambia nije, nitakuja. Sema neno lako tu."

"Andika," baba mdogo alisema. "Maliza, mwanangu. Mimi nipo, nakusubiri." Akachukua kofia yake akaenda kuangalia ng'ombe.

Modesta alinifuata jikoni nilikokuwa nachambua dagaa, akakaa juu ya kinu na simu mkononi.

"Wifi, siwezi kumsemesha maiti kwamba yupo."

"Basi mwambie ukweli."

"Niliapishwa mbele ya wazee nisimwambie msiba, ulikuwepo." Alilia kidogo, kisha akajifuta kwa kanga. "Lakini kuna maneno ya mama ambayo hayakufika. Hayo sikuapishwa."

Akaandika: *Njoo, mayu.* Mayu ni mama kwa kilugha chetu, na hivyo ndivyo mama alivyokuwa akimwita Precious tangu mdogo, kwa sababu alikuwa na sura ya bibi yao, aliyemzaa mama. Akatuma. Nikijua fika anachofanya, nilifurahi. Niliona haki ya mama imetendeka, na baba mdogo amekomeshwa.

Tulimpokea uwanja wa ndege wa Mwanza, Modesta na mimi. Msiba hausemwi njiani. Mtu huambiwa akiwa nyumbani ameketi, kati ya watu wake. Siku hizi wa Geita wanapita darajani Busisi bila kusubiri mtu, lakini sisi wa Kamanga kivuko ni kile kile. Njia nzima ya majini Precious aliuliza maswali. Anakula? Anaweza kukaa mwenyewe? Modesta aligeuka akatazama maji, nami ndiye niliyejibu kwamba tukifika atamwona.

"Nimejitoa, dada," Precious alimwambia. "Maprofesa wamenisema sana. Nikawaambia mama yangu kaniita, nitafanyaje?" Akacheka.

Alipotokeza uani, wanawake wakaanza kulia. Hakuuliza kitu. Alizunguka nyuma ya nyumba kana kwamba ameelekezwa, akaliona kaburi, akasoma tarehe iliyoandikwa msalabani. Aliisoma kwa sauti, akairudia, kisha akalala kifudifudi juu ya udongo.

Alilia mpaka sauti ikakauka. Jioni alikaa mkekani, baba mdogo kwenye kiti mbele yake, akauliza, "Mama aliniita lini?"

Modesta akasema yote. Ule mnong'ono, ujumbe uliofutwa, jinsi mama alivyoambiwa kwamba mtoto yuko njiani. Alisema bila kuogopa, huku akimtazama baba mdogo, na sisi sote tukamtazama mzee huyo tukisubiri mvua ya maneno imwangukie. Mzee aliinama.

"Nilitaka umalize," alisema. "Ni hilo tu nililotaka, mwanangu."

 Precious akamgeukia dada yake.

"Baba mdogo aliniibia mama," alisema. "Lakini mtihani alikuwa ameniachia. Wewe ulijua mama hayupo, dada. Ulijua. Ukanichukulia na huo."

"Yalikuwa maneno yake," Modesta alisema. "Sikuongeza kitu."

"Yalikuwa maneno yake alipokuwa hai."

Modesta aliitoa simu ya mama, akaiweka mkekani mbele ya mdogo wake. Sikumtetea wifi yangu; nilikuwepo jikoni alipoutuma ujumbe ule, tena nilifurahi.