Zimwi la Tangi Lapata Mtoto

Walipoanza kulicheza, Zimwi la Tangi lilikuwa meno tu. Walikuwa wanne, bado shule ya msingi, juu ya paa la ghorofa lao mtaani Tassia, kati ya tangi la maji na kamba za nguo, na kazi ya zimwi ilikuwa kufa ili watoto washuke wakale. Mchezo waliutunga wenyewe: watatu ni wawindaji, mmoja ni zimwi, dadu inaamua nani kaumia, na kila mmoja ana kadi anayoisogeza juu ya ramani ya paa.

Sheria moja ndiyo iliyolikuza. Anayelicheza huliongezea kitu kimoja, na likimaliza mchezo likiwa hai, kitu hicho hakiondolewi tena. Austine aliliongezea mguu mbovu, akidai amechoka kulikimbiza. Kui akaliongezea ulimi wa kusema. Miaka ikaenda, likapata kikohozi, likapata haya, likapenda chapati.

Jumapili hii, wote wakiwa watu wazima, zimwi lilikuwa la Aluoch. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, binti yake Awiti akinyonya chini ya leso.

"Naliongezea mtoto," akasema.

Mugo, aliyekuwa amepotea mchezoni kwa muda mrefu, akacheka. "Mama Awiti, wacha hizo. Umezaa wewe, sasa mpaka zimwi lizae? Hili lilikuwa la kuua, tunaenda zetu."

"Tulikuwa watoto."

"Sawa. Leo naliua, na huyo mtoto anafutika."

Ndivyo sheria ilivyosema. Aluoch alijua. Tangu ajifungue ameambiwa aache kwaya, aache masomo ya jioni, atulie. Mchezo huu hakuwa tayari kuuacha. Akachukua biro, akachora kichwa kidogo mgongoni mwa zimwi, kwenye kadi, akakikoleza wino.

"Toka kwa tangi," Mugo akaamuru, akitikisa dadu.

"Natoka." Sauti ya Aluoch ilishuka, nzito. "Siwezi kukimbia, mguu mnaujua. Lakini ulimi ninao. Mnaniua kwa kosa gani?"

"Unakula watu."

"Nani? Mtaje."

Mugo akamtazama Austine. Austine akatazama nguo kambani. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumtunga mtu wa kuliwa.

"Aki hatukuwahi," Kui akasema polepole. "Tulikuwa tunakuja tu na mikuki."

"Kui, usianze," Mugo akasema.

"Nimeweka mkuki chini. Cheza na Austine."

Kwa sheria zao, mkuki haukurushwa bila wawindaji wawili kukubaliana. Austine akajikuna kidevu. "Bro, huo mguu nilimpa mimi. Nimuue akichechemea na mtoto mgongoni? Nikimaliza niende nyumbani niseme nini?"

"Sema ni mchezo!"

"Ndio nacheza. Nimekataa."

Mugo akaweka dadu chini, masikio yamemwiva kwa hasira. "Basi mchezo umeisha."

"Haujaisha," Aluoch akasema. Awiti alikuwa ameachia ziwa. Akamwinua begani, akampigapiga mgongo hadi akacheua. "Ni zamu yangu. Zimwi halirudi ndani ya tangi. Linapita hapo katikati yenu, linashuka ngazi mchana huu, majirani wakiliona. Mugo, umesimama njiani."

Mugo aliiangalia kadi yake ya mwindaji, imekaa palepale kwenye mlango wa ngazi ramanini. Kisha, kwa kidole kimoja, akaisukuma kando.

Aluoch akalisogeza zimwi hadi ngazi ya kwanza.