Chini ya Ng'ombe wa Nalangu

Asubuhi ya kura za kugawa vizimba vya soko, Naserian alivalisha mfuko wa mkate kwenye kijiti cha kuendeshea kiti chake cha umeme, akaukaza kwa raba bendi, akatoka Ganako kuelekea Karatu mjini. Masika iliyopita maji yaliingia humo. Kiti kiligoma katikati ya lami, na magari ya watalii yakampita pande zote mbili kana kwamba ni jiwe. Fundi wa Arusha alikikausha, akamwonya kwamba kikilowa tena hakitapona. Kwa hiyo alikitaka kizimba. Alikuwa akitengeneza simu kwenye meza isiyo na kitu juu yake, na kila mvua ilipoanza alifunga kazi. Vizimba vipya vya soko vilikuwa na paa.

Alipofika kituo cha mafuta, mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa kreta. Akampigia simu Nalangu, aliyekuwa kijijini Soitsambu, ng'ambo ya kreta.

"Pakiteng, huku kumefunga."

"Nimekuelewa, Pakiteng. Anakuja. Umekula?"

"Nimekula."

"Chai tupu si kula."

Waliitana hivyo tangu Naserian akiwa mtoto, Nalangu alipompa ndama jike. Kwa Wamasai, waliopeana ng'ombe huacha majina yao na kuitana kwa jina la zawadi. Ndama alikua, akazaa, akafa kwenye ukame. Jina halikufa, na ng'ombe naye aliendelea kuja alipohitajika.

Alikuja kwa barabara, akipitia ukingo wa kreta. Askari wa geti la hifadhi waliinua kizuizi kama kawaida. Alikuwa mweupe mwenye madoa ya kahawia, mrefu kuliko Fuso lililojaa vitunguu, na alifika pamoja na matone ya kwanza. Akakiweka kiti katikati ya miguu yake minne, wakaenda taratibu. Piusi wa bodaboda aliingiza pikipiki yake chini ya tumbo.

"Dada, leo amechelewa."

"Alikuwa anapisha tembo."

"Mwambie asinikojolee tena. Koti langu mpaka leo halivaliki."

"Nani alikutuma usimame nyuma?"

Kura zilipigwa kwenye ukumbi wa soko, ghorofani. Ngazi zilikuwa za saruji, nyembamba. Bertha, katibu wa kamati, alichungulia dirishani.

"Naserian, panda mama, majina yanasomwa."

"Dada Bertha, kiti hakipandi ngazi."

"Pole jamani. Lakini kanuni ni mtu aokote karatasi mwenyewe, mbele ya kamati. Asipokuwepo jina lake linarukwa."

"Nikubebe mgongoni?" Piusi akauliza.

"Mimi si gunia la mahindi, Piusi. Nimekuja na kiti changu."

Bertha alitikisa kichwa kwa huruma, akarudi ndani kusoma majina.

Mvua ikazidi. Bati la ukumbi lilikuwa bovu tangu zamani, na maji yakaanza kudondokea bakuli la karatasi za kura. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Melkizedek, alilificha bakuli ndani ya koti, akashuka ngazi. Wafanyabiashara wote wakamfuata. Walisimama chini ya ng'ombe wakikung'uta maji kwenye mabega. Palinukia maziwa. Mama mmoja aliegemea mguu wa mbele akavua viatu vyake vilivyolowa.

"Hapa ni pakavu," Mzee Melkizedek alisema. "Tuendelee."

Jina la Naserian lilikuwa halijafikiwa. Lilipofikiwa, aliingiza mkono bakulini, akaokota karatasi na kuikunjua. Kizimba cha chini, jirani na geti, hakina hata kizingiti. Wanawake walipiga vigelegele. Ng'ombe alichezesha mkia.

"Hongera sana, mama. Ufunguo utauchukua ofisini, mwenyewe, kwa kusaini."

"Ofisi iko wapi, mzee?"

"Juu."

"Kwa ngazi hizi hizi?"

"Hizi hizi. Hatujawahi kupata malalamiko."

"Basi mimi nalalamika."

"Vizuri kabisa," mwenyekiti alisema kwa moyo mweupe. "Malalamiko yanapokelewa ofisini."

Mvua ilipokatika, kamati ilimshukuru ng'ombe, ikapanda ngazi.

Tangu siku ile jua limewaka. Naserian ameweka meza yake mbele ya kizimba chake kilichofungwa, na wateja wamezoea kumkuta hapo. Kila asubuhi huupangusa mlango vumbi, kisha hutazama upande wa kreta. Yeye aliyeiogopa mvua sasa anaingoja, kwa sababu bati la ukumbini halijabadilishwa, na ikinyesha sawasawa ofisi itashuka yenyewe, na ufunguo wake.

"Pakiteng, huko mawingu vipi?"

"Bado. Lakini ameshaanza kusimama akiangalia huko kwenu. Umekula?"

Naserian alikuwa na chapati mbili kwenye karatasi, moto bado, alizoletewa na Piusi. Alimega kipande, akatafuna, akameza, ndipo akajibu kwamba amekula. Mfuko wa mkate ulikuwa tayari mapajani mwake.